Gari la mbao la mashindano: umbo mwachie mtoto, misumari mshughulikie pamoja

Swali: Mwanangu ana miaka 8, na baada ya wiki 3 atashiriki mbio za magari madogo ya mbao. Tumepewa seti yenye kipande cha msonobari, magurudumu 4 ya plastiki na misumari 4 ya kushikia magurudumu hayo. Mwaka jana karibu kila kitu nilifanya mimi. Gari lilipendeza, lakini lilikwenda upande na kusimama kabla ya mstari wa mwisho. Sina mashine za umeme. Nina msumeno, patasi, tupa, drili ya mkono na jiliwa. Safari hii nataka alitengeneze yeye. Nifanye lipi mimi, na lipi nimwachie, bila gari kuburuta mkia?

Jibu: Kama gari la mwaka jana bado lipo, lichukueni kwanza. Lipindueni magurudumu yatazame juu, mtoto ayazungushe moja moja kwa kidole huku mkihesabu. Gurudumu lililoandaliwa vizuri huzunguka sekunde 20 na zaidi. Likisimama kabla ya sekunde 5, kuna kitu kinalisugua: mwili wa gari, rangi iliyoingia kwenye msumari, au mafuta yaliyoshika vumbi. Halafu liwekeni sakafuni palipo tambarare mlisukume taratibu. Likikata kona ndani ya mita moja, misumari imekaa upogo. Mwisho tazameni tumbo lake: kama kuna uzito uliobandikwa chini na una mikwaruzo, ulikuwa unaburuzwa juu ya njia. Kwa maelezo uliyotoa, natarajia mtakuta angalau mawili kati ya hayo.

Sababu iko kwenye njia yenyewe. Katikati ya kila njia ya mashindano kuna ukanda ulioinuka, kwa kawaida wenye upana wa milimita 41 na kimo cha milimita 6. Gari hupita juu ya ukanda huo, magurudumu yakiwa huku na huku, na nafasi kati ya gurudumu la kushoto na la kulia ni milimita 44. Maana yake gari lina milimita 3 tu za kucheza. Msumari mmoja ukielekea pembeni, gurudumu linagonga ukanda, linarudi, linagonga tena upande wa pili, na kila mgongano unakula kasi. Kasi hiyo hairudi, kwa kuwa gari halina injini. Magari yote yanaachiwa juu ya mteremko kutoka kimo kilekile, mara nyingi kama mita 1.2, na gari lisilopoteza chochote lingefika chini kwa kasi isiyofika kidogo mita 5 kwa sekunde. Hakuna awezaye kuongeza juu ya hapo. Anayeshinda ni aliyepoteza kidogo kuliko wenzake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: umbo lote ni la mtoto, na muda wenu mwingi uwekeni kwenye misumari na magurudumu. Watu wazima wengi hufanya kinyume. Huchukua wiki mbili wakichonga umbo la kupendeza, kisha usiku wa mwisho hupigilia misumari kwa nyundo. Kusugua na kung'arisha misumari, kupiga magurudumu unga wa kulainisha, kupima na kunyoosha ni kazi ndogondogo zenye kurudiwarudiwa, na vidole vya mtoto wa miaka 8 vinaziweza kabisa endapo hamkai zaidi ya dakika 40 kwa mara moja. Zako wewe ni tatu: patasi, matundu ya uzito, na gundi ya mwisho.

Kabla ya kukata chochote

Someni kanuni za mashindano yenu pamoja, mtoto akishika kalamu. Vipimo vilivyoenea vilitoka Marekani, ambako Don Murphy alianzisha mbio hizi mwaka 1953 huko Manhattan Beach, California, kwa ajili ya mwanawe aliyekuwa mdogo mno kushiriki mbio za Soap Box Derby, ambazo mtoto hupanda gari lisilo na injini. Kwa vipimo hivyo kipande cha mbao kina urefu wa milimita 178, upana wa 44 na unene wa 32. Gari lililokamilika halizidi urefu wa milimita 178 wala upana wa milimita 70 pamoja na magurudumu. Chini ya tumbo kunabaki angalau milimita 9.5, na uzito hauzidi aunsi 5, yaani gramu 141.7. Waandaaji wengine hubadilisha, kwa hiyo ulizeni mambo haya kabla ya kuanza: misumari inaruhusiwa kung'arishwa? Magurudumu yanaruhusiwa kuguswa na msasa? Gurudumu moja linaweza kuinuliwa lisiguse njia? Kilainishi kipi kinakubalika? Gari huweza kuzuiwa kushindana kwa jambo dogo, na mtoto akakaa kutazama wenzake siku nzima.

Pindueni kipande cha mbao. Mtaona mifuo miwili, yaani mifereji myembamba ya kuingizia misumari, na katika seti nyingi mmoja uko karibu na ncha kuliko mwingine. Ncha hiyo iliyo karibu na mfuo ndiyo iwe nyuma ya gari, kama kanuni haikatazi. Sababu itaonekana tutakapofika kwenye uzito. Andikeni NYUMA kwa penseli juu ya mbao, kwa herufi kubwa. Kukata pua upande usio wake ni kosa linalotokea mara nyingi mno, na dawa yake ni kuomba kipande kingine.

Kisha pimeni mifuo kwa skwea. Mfuo unapaswa kukata upana wa mbao kwa pembe mraba kamili. Ukiwa umelala hata milimita moja kutoka ukingo hadi ukingo, gari litavuta upande. Afadhali mgundue sasa, mbao ikiwa bado na pembe zake zote, kwa sababu mkishachonga hamtakuwa na ukingo wa kupimia. Mfuo ulio upogo unarekebishika baadaye kwa kipande chembamba cha karatasi au foili kilichotiwa upande mmoja wa msumari, ilimradi mjue uko wapi na umelala upande gani.

Kwa sababu hiyohiyo, matundu ya uzito yatoboeni sasa hivi. Kutoboa kipande cha mraba kilichobanwa kwenye jiliwa ni rahisi. Kutoboa gari lililochongwa huteleza na kupasua.

Uzito: kiasi gani na mahali gani

Husemwa kwamba gari zito huanguka haraka zaidi. Sivyo. Mvuto wa dunia huongeza kasi ya vyote kwa kiwango kimoja. Msuguano kwenye misumari nao hukua pamoja na uzito, kwa hiyo hapo hakuna faida. Faida ya uzito iko kwingine: upinzani wa hewa ni uleule kwa gari jepesi na zito lenye umbo moja, na nguvu inayotumika kuzungusha magurudumu ni ileile, hivyo gari zito linapoteza sehemu ndogo zaidi ya nguvu iliyo nayo. Ndiyo maana mnataka kufika karibu kabisa na gramu 141.7. Lengo lenu nyumbani liwe gramu 141, kwa sababu mizani ya mashindano na yenu huenda zisilingane. Gramu chache za mwisho mtaziongeza kwa skrubu ndogo.

Tuchukue mfano. Mbao iliyochongwa na kutobolewa ina gramu kama 55, magurudumu manne kama 10, misumari minne kama 5, rangi kama 2. Jumla ni 72, kwa hiyo zinabaki gramu 69 za kuongeza. Nusu ya gari lenu, karibu, ni uzito wa kuongezwa! Watu hushangaa hapa, kisha hubandika chuma popote palipo na nafasi.

Kwa mzazi asiye na vifaa vingi, chuma cha nondo laini ya milimita 10 kinatosha sana. Kila sentimita ya nondo hiyo ina gramu 6.2 hivi. Vipande vitatu vya milimita 37 vinakupa gramu 68. Toboa matundu matatu ya milimita 10 yanayopita kutoka ubavu hadi ubavu wa mbao, juu ya mifuo bila kuigusa: moja milimita 11 nyuma ya mfuo wa nyuma, mengine milimita 13 na milimita 26 mbele yake. Hesabu hii inachukulia kwamba mfuo wa nyuma uko milimita 22 au zaidi kutoka ncha; ukiwa karibu zaidi, sogeza matundu yote mbele. Anza na biti ya milimita 3, ufuate ya 6, ndipo ya 10, na utoboe nusu kutoka kila upande ili mbao isichanike inapotokea. Kama mdomo wa drili yako haupokei biti ya 10, fundi seremala atayatoboa kwa dakika chache. Mtoto azibe ncha za matundu kwa puti ya mbao baada ya kutia chuma na gundi, na apige msasa ikikauka.

Tungsteni ni nzito zaidi ya mara mbili ya chuma kwa ujazo uleule, kwa hiyo hukuruhusu kutengeneza gari jembamba sana, lakini bei yake ni kubwa na gari la kwanza la mtoto halihitaji. Risasi msitumie. Ni sumu, vumbi lake na alama zake hubaki mikononi, na mtoto atakuwa analishika gari hili kwa miezi.

Kuhusu mahali: gari linapoanza limelala kwenye mteremko, pua chini na mkia juu. Uzito ulioko mkiani unaanza juu zaidi kuliko ulioko puani, lakini wote unamalizia kwenye tambarare ileile. Kwa mteremko wa digrii 30, ukisogeza kitovu cha uzito sentimita 3 nyuma, umekianzisha sentimita 1.5 juu zaidi. Ni kidogo, ila kwenye mita 7 za tambarare kinakuwa kama sentimita 5 mbele ya jirani, na mbio nyingi zinaamuliwa kwa chini ya hapo. Msizidishe, lakini. Pua ikiwa nyepesi mno, magurudumu ya mbele yanainuka pale mteremko unapokutana na tambarare, gari linapepesuka na huweza hata kutoka kwenye njia. Kwa gari la kwanza kitovu cha uzito kiwe sentimita 2.5 hadi 3.5 mbele ya misumari ya nyuma. Kukipima ni kazi ya mtoto: asimamishe rula kwa ukingo wake, alaze gari lililokamilika juu yake, alisogeze mpaka likae bila kuinama upande wowote, kisha apige alama.

Kuchonga kwa mkono

Mpe mtoto karatasi yenye mistatili miwili, mmoja wa 178 kwa 32 kwa ubavu na mwingine wa 178 kwa 44 kwa juu, achore anachotaka. Masharti ni matatu tu. Pembeni mwa mifuo pabaki mbao nzima, angalau sentimita moja kila upande. Sehemu yenye matundu ya uzito ibaki na unene wa milimita 18 au zaidi. Na pua iwe bapa, upana wa milimita 12 au zaidi katikati, kwa sababu gari huegemea kijiti cha kuanzia. Pua iliyochongoka huteleza kando ya kijiti na gari huanza likiwa limelala upande. Ndani ya masharti hayo, akitaka mamba, achonge mamba.

Umbo la kabari, nene nyuma na jembamba mbele, ndilo rahisi na linalopita vizuri hewani. Lakini kuchana kabari kwa msumeno wa mkono kufuata urefu wa mbao huchosha hata mtu mzima, na msumeno hupotea njia. Fanyeni hivi: baneni mbao kwenye jiliwa, mtoto akate mikato ya kushuka kila baada ya sentimita 1.5, kila mmoja ukiishia milimita moja juu ya mstari aliouchora. Kukata kukingama nyuzi za mbao ni kwepesi, naye atalimudu kama msumeno ni mfupi na wewe umeshika ncha ya mbao. Mikato ikiisha, wewe chukua patasi na nyundo, ng'oa vipande vilivyobaki katikati, kimoja kimoja, ukipiga kuelekea mbali na nyote wawili. Kisha mpe tupa yenye meno makubwa asawazishe. Nyote mvae miwani ya kinga wakati wote huo, na barakoa wakati wa msasa.

Msasa uende namba 80, 150, halafu 220, kufuata nyuzi za mbao. Hapo ndipo watoto huchoka, na hapo ndipo wazazi hunyang'anya. Mwache asimamishe siku hiyo, aendelee kesho. Mikwaruzo ya msasa namba 80 iliyoachwa itaonekana chini ya rangi, naye akiiona atajua mwenyewe imetoka wapi.

Misumari, kazi iliyo kubwa kuliko zote

Shikeni msumari mmoja kwenye mwanga mkali. Chini ya kichwa mtaona mistari miwili myembamba iliyoinuka, mahali chuma kilipobanwa kiwandani, na chini ya kichwa chenyewe kuna ukingo wenye kingo kali. Hivyo viwili ndivyo vinavyokwangua tundu la gurudumu kila linapozunguka. Gurudumu hukaa kwenye sehemu hiyohiyo, sentimita moja na kidogo kutoka kichwani, kwa hiyo hapo tu ndipo penye kazi. Sehemu inayoingia ndani ya mbao acheni ikwaruze, itashika vizuri zaidi.

Baneni drili ya mkono kwenye jiliwa ilale, na ncha ya msumari iingie kwenye mdomo wa drili, kichwa kikiwa nje. Mtoto anazungusha mkono wa drili, wewe unashika tupa ndogo ya pembetatu, unagusa chini ya kichwa mpaka ukingo mkali uondoke na upande wa ndani wa kichwa uwe na mteremko mdogo. Mizunguko 20 ya mkono inatosha. Halafu badilishaneni. Kata utepe wa msasa wa upana wa sentimita moja, mtoto auzungushie msumari na kuushika kwa ncha mbili huku wewe ukizungusha. Anza na namba 400 mpaka mistari ile ifutike, kisha 600, 1000 na 2000, mbili za mwisho zikiwa zimeloweshwa maji. Dakika moja kwa kila msasa. Malizeni kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia chuma, osheni, mkaushe mara moja kusudi msumari usipate kutu.

Kosa la upande huu ni kuzidisha msasa namba 400. Msumari unakuwa mwembamba, tundu la gurudumu linalegea, gurudumu linayumba. Kila baada ya nusu dakika utoeni, mtie gurudumu, mtazame. Kwa kuwa misumari ni minne tu, na mmoja ukiharibika shughuli husimama, anzeni na msumari wa kawaida wa unene huohuo kwa mazoezi.

Magurudumu yenyewe mara nyingi yana mshono mdogo wa plastiki mahali yalipotolewa kwenye kalibu. Kama kanuni inaruhusu, uguseni kwa msasa namba 600 mara chache, basi. Tieni kila gurudumu kwenye msumari wake, mzungushe, mtazame kama linapanda na kushuka. Lipeni kila gurudumu namba kwa ndani, na msumari wake muuweke pamoja nalo kwenye kikombe chake. Jozi mbili bora zitakaa nyuma, kwa kuwa huko ndiko uzito uliko.

Kilainishi ni unga wa grafiti, mkavu. Mafuta ya kawaida hunasa vumbi, hulegeza rangi, na kanuni nyingi huyakataza. Juu ya gazeti, mtoto atie unga kidogo ndani ya tundu, atie msumari, azungushe gurudumu, agonge unga uliozidi utoke, arudie mara tano. Asiupulize, usije ukaingia hewani akauvuta puani. Upande wa ndani wa gurudumu na sehemu ya mwili wa gari inayotazamana nalo visuguliwe penseli laini ya 2B mpaka ving'ae kijivu. Penseli ni grafiti hiyohiyo, na mtoto hupenda sana kuigundua siri hii.

Rangi inakuja kabla ya kufunga magurudumu, si baada. Zibeni mifuo kwa utepe wa karatasi. Pakeni praima, ikikauka msasa mwepesi wa namba 220, kisha rangi matabaka mawili au matatu membamba, na mwache saa 24 kabla ya kuligusa tena. Tabaka moja zito huchuruzika na kubaki laini kwa siku kadhaa. Mengine ni ya msanii wenu.

Kufunga na kunyoosha

Misumari haipigiliwi nyundo. Mfuo umekatwa kukingama nyuzi za mbao, na msumari unaopigwa hupasua ukingo au hupinda. Uingizeni kwa kuusukuma taratibu kwa koleo iliyofungwa kitambaa, ukiuzungusha kidogo. Kati ya gurudumu na mwili wa gari pabaki nafasi ya unene wa kadi ya benki, karibu milimita 0.8. Mtoto ashike kadi hapo wakati wewe unasukuma. Ikiwa nafasi ni ndogo zaidi gurudumu hubana. Ikiwa kubwa, gari hucheza huku na huku juu ya ukanda na kuugonga zaidi.

Kama kanuni inaruhusu gurudumu moja la mbele kuinuliwa, chukueni lile lenye kuyumba kuliko yote, mchimbe mfuo wake milimita 1.5 zaidi kwa ndani kwa tupa nyembamba. Halitagusa njia, halitazungushwa, na nguvu ya kulizungusha itabaki kwa gari. Zaidi ya hapo, gari la magurudumu matatu halitikisiki kwenye njia isiyo sawasawa.

Sasa ubao wa majaribio: ubao ulionyooka wa sentimita 120 au zaidi, ncha moja imeinuliwa sentimita 3, na mstari umechorwa katikati kwa chaki. Mtoto aliweke gari juu ya mstari, aliachie bila kulisukuma. Likipotoka chini ya sentimita 2 mpaka mwisho, limenyooka vya kutosha. Likipotoka zaidi, shikeni kichwa cha msumari wa mbele wenye gurudumu linalogusa ubao, mzungushe kiasi cha dakika 5 kwenye uso wa saa, mjaribu tena. Hakuna msumari ulionyooka kabisa, na kuuzungusha hubadilisha uelekeo wa gurudumu. Andikeni kila jaribio: dakika 5, kulia sentimita 6, dakika 10, kulia sentimita 3. Majaribio kumi si mengi. Gari likikataa baada ya kuzungusha msumari mzima, rudini kwenye ule mfuo uliokuwa upogo mtie kipande cha foili.

Magurudumu ya nyuma yanapimwa tofauti. Sukumeni gari mbele polepole na mtazame kwa nyuma: yote mawili yanapaswa kusogea nje yaguse vichwa vya misumari, yasiegemee mbao. Lile linaloingia ndani, zungusheni msumari wake mpaka litoke. Kichwa kilichong'arishwa kinasugua kidogo sana kuliko mbao.

Wako wanaotengeneza makusudi gari linalovuta kidogo upande mmoja, ili gurudumu moja la mbele liegemee ukanda safari nzima na mengine yasiuguse. Mbinu hiyo inafanya kazi, ila inadai magurudumu ya nyuma yaliyonyooka kikamilifu. Ningeiacha kwa mwaka ujao, mtoto akiwa ameshalielewa gari lililonyooka.

Mkiridhika, tieni tone la gundi ya mbao kwa kijiti cha meno ndani ya mfuo, kuelekea katikati ya gari, mbali na gurudumu. Msitumie gundi ya papo hapo. Ni nyepesi kama maji, hutambaa kufuata msumari na kulifunga gurudumu lisizunguke tena. Gari lilale limepinduliwa usiku kucha, kisha mlipitishe kwenye ubao mara moja zaidi.

Siku ya mbio lisafirishwe ndani ya sanduku, likiwa limeegemea tumbo juu ya kipande cha sponji, magurudumu hewani. Sakafu ina mchanga, na wenzake watataka kulisukuma. Mtoto ajue mapema kuwa atawaruhusu baada ya mbio. Bebeni bisibisi, skrubu ndogo nne au tano, unga wa grafiti na gundi. Kabla ya kulikabidhi, tieni unga mara ya mwisho kila gurudumu na mlizungushe mara 20. Gari likizidi uzito kwenye mizani yao, toeni skrubu moja. Likipungua, ongezeni moja nyuma.

Na nyumbani, siku mbili kabla, mfundishe kuliweka gari kwenye njia, kama waandaaji wanaruhusu watoto waweke wenyewe. Ashike mwili, si magurudumu. Aweke magurudumu huku na huku ya ukanda, pua iguse kijiti, ainame atazame kwa nyuma kama limenyooka sawa na ukanda, alisogeze kidogo kwa kidole, ndipo aachie. Kipande cha mbao chembamba cha milimita 41 kilichobandikwa juu ya ubao wenu wa majaribio kinatosha kwa mazoezi hayo.